Siku ya Mshahara ni Kila Siku

Mtu wa mbali akitajiwa Kolwezi hufikiri mara moja habari ya mashimo, malori na mawe ya kobalti yanayokwenda Uchina kutengenezwa betri. Hayo ni kweli, na wengi wamekwisha kuyaandika. Leo mimi nataka kuwaeleza habari ya mji huu jua likisha kuzama: mabistro ya Manika, taa zake, muziki wake, na hasa fedha inayoingia humo. Nimekaa hapa karibu miaka sabini, arobaini kati ya hiyo nikiwa mwalimu. Anayetaka kujua watu wa migodi wanaishije, asiende kuuliza ofisini saa nne ya asubuhi. Aje saa kumi na mbili ya jioni, wakati watu wanapohesabu.

Kwetu bistro ni nyumba yoyote inayouza bia. Yaweza kuwa jumba lenye taa za rangi na walinzi mlangoni, yaweza pia kuwa ukuta wa mabati, viti sita vya plastiki, na mama mmoja aliyeketi karibu na mbabula yake akipepea makaa. Za namna ya pili ni nyingi kuliko za kwanza, na humo ndimo mji unamokaa. Nitasema zaidi juu ya hizo.

Lakini siwezi kuanza na usiku wa leo bila kusema kidogo juu ya usiku wa zamani, maana mmoja umezaliwa na mwingine.

Mimi nilizaliwa katika kambi ya Musonoi, wakati wa Union Minière. Mji wa Kolwezi ulianzishwa mwaka 1937, nao ulipigwa mistari kama daftari la shule. Wazungu walikuwa na upande wao. Wafanyakazi walikuwa na kambi za kampuni, kila nyumba na namba yake. Watu wasiokuwa wa kampuni, wachuuzi, mafundi wa cherehani, wenye mabistro, walikaa Manika. Kabla ya uhuru Mwafrika aliyekutwa usiku upande wa Wazungu bila karatasi alikuwa na kesi. Pombe kali nazo zilikatazwa kwa Waafrika tangu mkataba wa Saint-Germain wa mwaka 1919, ambao wakubwa wa Ulaya waliutia sahihi bila kumwuliza mnywaji hata mmoja. Basi iliyoruhusiwa ilikuwa bia, na iliyofichwa ilikuwa lutuku, ile pombe ya kukeneka inayochoma koo. Watoto wa kambi tulijua ni nyumba zipi zinazoikeneka, kwa kuwa mbwa wa nyumba hizo walibweka zaidi.

Bwana wa usiku wa kambi alikuwa king'ora. Kikilia, zamu moja inaingia na nyingine inatoka. Baba akilala mchana sisi tulitembea kwa vidole vya miguu. Nao mshahara ulikuwa na siku yake, mwisho wa mwezi. Siku hiyo na mbili zilizofuata Manika ilikuwa na makelele hadi usiku wa manane. Baada ya hapo kimya. Mwenye bistro alijua kabisa kwamba juma la tatu atauza soda kuliko bia, na juma la nne atauza madeni.

Tena kulikuwa na posho. Neno hili vijana hawalijui vizuri, acha nilieleze. Mbali ya mshahara, kampuni iligawa chakula kila juma: unga wa mahindi, samaki wakavu, mafuta ya mawese, maharagwe, chumvi. Waliopanga mstari kuipokea walikuwa wanawake. Naikumbuka sana picha ya mama yangu katika mstari ule, bakuli kichwani na mdogo wangu mgongoni. Msifikiri kampuni ilifanya hivyo kwa huruma. Tangu mwaka 1928 ilikuwa imeona kwamba mwanamume mwenye mke kambini hatoroki, na mtoto aliyelishwa kambini atakuwa mfanyakazi wa kesho. Ikaruhusu wake waje, ikatoa mikataba ya miaka mitatu. Ilikuwa hesabu. Hata hivyo hesabu hiyo ilikuwa na faida moja ambayo sidhani wakubwa waliikusudia: mtu aliweza kunywa mshahara wake wote, na wapumbavu wachache waliunywa kweli, lakini unga ulikuwa umekwisha kufika nyumbani kwa njia nyingine, kichwani mwa mke. Fedha ya bia na chakula cha watoto havikupita mlango mmoja.

Neno hilo naomba mlishike, tutalirudia.

Jioni za Musonoi na Ruwe zilikuwa na jambo lingine tena. Mwaka 1953 alifika Kolwezi Padri Placide Tempels, Mfransisko aliyekuwa amekwisha kuandika kitabu chake juu ya falsafa ya Wabantu mwaka 1945. Kutoka kwake na kwa wafanyakazi wa kambi ilizaliwa Jamaa. Mume na mke walikutana na wenzao majumbani, jioni, wakazungumza juu ya uzima, uzazi na mapendo. Kwa hiyo kambi moja ilikuwa na usiku wa namna mbili: nyumba hii wameketi watu kumi na wawili, wanaume na wake zao pamoja, wakisemezana polepole, na ng'ambo ya barabara wanaume peke yao, chupa mezani. Tempels alirudi Ulaya mwaka 1962, na Jamaa ilipatwa na mashaka mengi baadaye, hiyo ni habari ndefu. Ninaitaja kwa sababu moja tu. Wazee wa Jamaa waliona mapema kuwa ulevi wenyewe haukuwa tatizo la kwanza. La kwanza lilikuwa meza ambayo mke hayupo.

Na muziki! Siwezi kuuruka. Baba yangu alikuwa na sahani moja ya Jean-Bosco Mwenda, mtu wa Bunkeya aliyezaliwa mwaka 1930, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 mjini Jadotville, Likasi ya leo. Gitaa moja tu, lakini ungedhani ni watu wawili wanaopiga. Wapiga gitaa wa Nairobi nao walimsikiliza wakajifunza kwake. Alikufa mwaka 1990 kwa ajali ya gari nchini Zambia. Siku hizi mabistro ya Manika yanapiga rumba ya Kinshasa, ile ambayo UNESCO iliiandika katika orodha yake Desemba 2021, na watu wanaoimba kwa sauti kubwa kwa Kilingala asubuhi hawawezi kununua hata nyanya kwa lugha hiyo. Huku pembeni vijana bado wanapiga kalindula, banjo kubwa iliyotengenezwa kwa pipa la mafuta na ngozi ya mbuzi. Mimi huiona nzuri kuliko spika zote. Lakini mimi ni mzee.

Sasa, usiku ule wa zamani ulivunjikaje? Ulivunjika pamoja na mshahara. Union Minière ilitaifishwa mwaka 1967, baadaye ikaja Gécamines, na kwa miaka mingi king'ora kiliendelea kulia kama kawaida. Hata vita ya Mei 1978, iliyotuachia maiti barabarani, haikukinyamazisha kwa muda mrefu. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni ilikuwa bado ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Kisha Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka ndani kwa ndani. Mwaka 1991 ukawa mwaka wa uporaji. Mwaka 1993 majirani zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa, wakalala kwenye stesheni ya gari la moshi wakingojea mabehewa, na miongoni mwao walikuwamo walimu wenzangu. Mwaka 1994 kampuni ilitoa chini ya tani 50,000. Mshahara ukachelewa mwezi, kisha miezi mitatu, kisha mwaka. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi karibu 10,000 waliondoka kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari, wakapewa fedha ya mara moja tu. Miaka ile Manika usiku ulikuwa na giza na kimya kama kijiji. Asiyeona jambo hilo asije kuniambia kwamba mji usio na bistro ni mji wenye amani. Tulikuwa na njaa, ndiyo sababu hatukunywa.

Tangu mwisho wa miaka ya 1990 watu walikuwa wameanza kuchimba kwa mikono yao: wafanyakazi waliopoteza kazi, walimu, wanafunzi, halafu watu kutoka kila upande wa Kongo. Mwaka 2014 mtu mmoja wa Kasulo alichimba katika kiwanja chake akakuta mawe meusi ya kobalti, na muda si muda mtaa mzima ukawa mashimo, ndani ya jikoni, chini ya kitanda, nyuma ya choo. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ikazungushiwa ukuta. Mwanzoni mwa mwaka 2018 bei ya kobalti duniani ilipita dola 90,000 kwa tani, na Kolwezi, ambayo tangu 2015 ni mji mkuu wa jimbo la Lualaba, haikulala kabisa. Nyumba za kamari zikafunguliwa, zenye maandishi ya Kichina na taa nyekundu. Hoteli zikapanda. Bia ikafika kwa malori mazima.

Usiku ukarudi basi. Lakini haukurudi ule wa kwanza, maana mshahara ulikuwa umebadilika umbo. Mchimbaji hana mwisho wa mwezi. Akiuza mawe leo, amelipwa leo, fedha taslimu mkononi, jioni. Siku ya mshahara ni kila siku. Jumanne ina makelele ya Jumamosi. Na posho haipo, mstari wa mama zetu haupo. Chote kinachofika kwa mchimbaji kinapita mlango mmoja, na mlango huo una viti vya plastiki.

Sasa nije kwenye jambo lililonitoa nyumbani. Mtoto wa dada yangu ni mchimbaji. Ni kijana mzuri, ana mke na watoto watatu, na alikuwa mwanafunzi wangu darasa la tano. Hesabu zake zilikuwa safi. Mwaka jana wakati wa kiangazi mke wake alikuja kwangu, akapiga magoti, akasema: "Baba, mtoto wenu anapata franka nyingi kuliko ulizopata wewe ukiwa mwalimu. Na sisi siku mbili kwa juma tunalala na chai. Mwambie." Nikamjibu kwamba nitasema naye, lakini kwanza nitakwenda kutazama. Mzee hasemi juu ya nyumba asiyoingia.

Basi kwa majuma kadhaa nilikuwa nikitoka jioni. Watu walistaajabu, wengine walicheka, "Mwalimu naye ameanza!" Nilinunua soda moja nikaitunza saa mbili nzima.

Nilipita kwanza yale majumba makubwa kando ya barabara ya Likasi, ambako malori yanapanga mstari kuelekea Kasumbalesa. Madereva wengi ni Watanzania na Wazambia. Dereva wa Dar es Salaam anasema, "Samahani dada, naomba unihudumie maji baridi, tafadhali," na binti wa bistro anamtazama kana kwamba amesikia Injili, halafu anajibu, "Iko." Wote wawili wanasema Kiswahili. Mle ndani fedha inakwenda haraka na hairudi mtaani. Kuna wasichana wadogo ambao wangefaa kuwa shuleni, wametoka vijijini kwa ahadi ya kazi ya kuuza duka. Nilimwuliza mmoja umri wake, akasema ishirini. Mimi nimefundisha watoto maisha yangu yote, najua mtoto wa miaka kumi na tano akoje. Nilimpa jina la nyumba ya masista ambako angeweza kupokelewa. Kama alikwenda sijui. Juu ya mahali hapo sitaongeza neno, isipokuwa kwamba wenye kuingia humo si wachimbaji wengi kama watu wanavyodhani. Mchimbaji wa kweli hana bei ya kukaa pale.

Mpwa wangu nilimkuta ndani ya Manika, bistro ya mabati. Mwenye bistro ni mama mjane. Mume wake alikuwa mmoja wa wale walioondoka Gécamines, na kwa sehemu ya fedha ile ya mara moja walinunua makasha manne ya bia, akaanza. Kila mtu anamwita Mama tu. Umeme wetu ni jambo la kuchekesha: mabwawa ya Nzilo na Nseke, yote mawili kwenye mto Lualaba hapa hapa karibu, yanatoa nguvu tangu miaka ya 1950, lakini migodi inakula kwanza, na mtaa unapata makombo. Kwa hiyo Mama ana taa ya jua, na taa hiyo, mtaona, ni sehemu ya biashara.

Timu ya mpwa wangu ni watu sita. Wanavyolipwa ni hivi. Kuna tajiri anayewasaidia wakati shimo bado halijafika kwenye mawe. Anatoa unga, kamba, tochi, pengine kwa majuma sita au nane. Mawe yakitoka, yeye huchukua sehemu yake kwanza, na si ndogo. Mwenye kiwanja naye huchukua. Depo inapima uzito, kisha inapima ubora kwa chombo kile ambacho watu wote hapa wanakiita Metorex, kinachoelekezwa kwenye jiwe kama bastola na kuonyesha namba. Namba hiyo ndiyo hakimu. Wachimbaji hawaiamini, na mimi nikiwa nimesimama pale niliona jiwe la gunia moja likipimwa mara mbili likatoa namba mbili. Baada ya hayo mkubwa wa timu anapewa fedha, mabunda ya franka yaliyofungwa kwa mpira.

Je, anazigawa wapi? Njiani hawezi, giza linaingia na wezi wapo. Nyumbani kwake hawezi, wenzake watasema amechukua za juu. Anazigawa bistroni kwa Mama, kwa sababu kuna taa, kuna mashahidi, na Mama ana franka ndogo za kuvunja kubwa. Lakini meza ya Mama haikaliwi bure. Mtu akiketi ananunua. Na kwa kuwa mkubwa wa timu hukawia depo, kila mmoja amekwisha kunywa chupa moja au mbili kwa deni kabla fedha haijafika. Kugawana kunaanza na kutoa.

Jioni moja niliomba ruhusa ya kuandika. Mpwa wangu hakupenda, lakini wenzake walisema, "Acha mwalimu aandike, tupate kujua." Kazi ilikuwa ya siku nne. Sehemu ya kila mtu ilikuwa franka 46,000. Mama akafungua daftari lake: mpwa wangu alikuwa na deni la 19,000. Zikabaki 27,000. Kisha, kwa kuwa alikuwa amefurahi kuonana na mjomba wake mbele ya watu, akawanunulia wenzake raundi moja na nyama ya michopo, 10,000. Alifika nyumbani na 17,000. Mke wake, ambaye hakuwahi kusikia neno 46,000 wala neno 19,000, aliona 17,000 tu, akasadiki kwamba nyingine zimekwenda kwa mwanamke.

Nililiomba lile daftari nilisome. Ni daftari la shule la kurasa mia moja, lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Katika yale madeni 19,000 bia haikuwa hata nusu. Nyingine zilikuwa bukari na sombe la mchana, dawa ya homa ya mtoto, nauli ya pikipiki kwenda hospitali. Miezi shimo lilipokuwa kavu, Mama alikuwa amewalisha watu wote sita. Benki gani ingefanya hivyo? Nikaona pia majina matatu yenye mstari juu yake. Nikauliza, hawa wamelipa? Mama akasema, "Hapana, Mwalimu. Hao ardhi iliwafunika. Sidai kilio." Mmojawapo alikuwa amekufa Juni 2019, wakati udongo ulipoporomoka katika mgodi mkubwa wa karibu na mji na kuua wachimbaji zaidi ya arobaini. Jina lake alikuwa ameliandika kwa kalamu nyekundu.

Kuna watu wema ambao wangetaka bistro zote za Manika zifungwe. Nawaheshimu. Lakini nawauliza: siku zikifungwa, fedha itagawanywa wapi, na juma la shimo kavu atalisha nani? Tena kuna vijana wanaosema, "Mzee, mtu anayeshuka mita thelathini ana haki ya kunywa." Nao nawauliza: na yule anayemngojea juu, haki yake iko katika chupa gani?

Nilimweleza mke wa mpwa wangu yote niliyoyaona, namba kwa namba. Hakulia, wala hakumgombeza mume wake usiku ule. Siku ya pili mchana, wakati bistro haina watu, alikwenda peke yake kwa Mama. Maneno yao niliyasikia baadaye kutoka kwa Mama mwenyewe. Yule binti alimwambia: "Mama, mimi sitaki mume wangu aache kuja kwako. Nataka niwepo fedha ikiwekwa mezani." Mama aliwaza kidogo. Mfanyabiashara ni mfanyabiashara. Aliona kuwa mke anayejua deni ni mke atakayelilipa hata mume akisafiri. Akakubali, tena akaongeza sharti lake: fedha igawanywe kwanza, madeni yalipwe, sehemu ya nyumbani iondoke, ndipo chupa ya kwanza ifunguliwe.

Mkubwa wa timu alikataa kabisa. Alisema wanawake wakijua hesabu hakutakuwa na amani. Mpwa wangu naye alinuna majuma mawili. Alinipita barabarani akinisalimu kwa kichwa tu, bila kusema "Mjomba". Aliona nimemvua nguo mbele ya wenzake. Nilikwenda kwake Jumapili, tukaketi chini ya papai lake, nikamwuliza bibi yake alikosa nini kutaka kujua. Alinyamaza muda mrefu, akasema, "Mjomba, wewe hujui aibu ya kufika nyumbani na 17,000 wakati mtu amekwisha kusikia 46,000." Nikamwambia kwamba aibu hiyo ni ya depo, ya tajiri na ya bei ya dunia, asiibebe peke yake. Mwezi wa Februari 2025, bei ya kobalti ilipokuwa imeshuka chini ya dola 25,000 kwa tani, serikali ilisimamisha kuuza kobalti nje, na ni Oktoba tu ilipoanza kugawa viwango. Mchimbaji wa Manika alikuwa na kosa gani katika hayo? Lakini mke asiyeona namba atatafuta kosa mahali anapoweza kulifikia, na hapo ni kwa mume wake.

Mambo hayakugeuka kwa siku moja. Mara ya kwanza yule binti alipokuja, akaketi na mtoto mgongoni, wanaume walizungumza kwa mafumbo na mmoja akaondoka. Mara ya pili wengine walimzoea. Mara ya tatu mke wa mchimbaji mwingine alikuja naye, yeye mkali zaidi, mwenye kalamu yake mwenyewe, akagundua kwamba katika daftari la Mama chupa mbili zilikuwa zimeandikwa mara mbili. Mama alizifuta bila neno. Mkubwa wa timu aliendelea kunung'unika mpaka siku mke wake mwenyewe alipoomba nafasi.

Mpwa wangu bado anakunywa. Raundi ananunua mara chache zaidi, maana ni vigumu mtu kuwa tajiri wa jioni mbele ya mtu anayejua bei ya meka ya unga. Kuna siku hesabu inatoka mbaya hata hakuna cha kugawa, na siku hizo wake na waume wanarudi pamoja bila kugombana, kwa kuwa wote wameona meza tupu.

Mama amenunua benchi la mbao, ameliweka karibu na mbabula, mbali kidogo na spika, ili watoto walio mgongoni waweze kulala. Nilimtania siku moja kwamba ameanzisha kambi ya Union Minière ndani ya Manika. Akacheka sana, akaweka kipepeo chini. Yeye naye ni mtoto wa kambi, wa Kapata. "Mwalimu," akasema, "wewe huoni? Hii ni posho tu. Tumerudi kwenye mstari."

Alhamisi iliyopita nilipita tena saa kumi na mbili kasoro. Mkubwa wa timu alikuwa hajarudi kutoka depo. Wanawake walikuwa watano kwenye benchi, mmoja akichambua maharagwe, na wanaume wameketi ng'ambo, mikono mitupu, wakingoja. Chupa zote zilikuwa bado zimefungwa.